Be na Pe: Usimbaji wa Miswada ya Mrima katika Kompyuta

Utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy wa Tanga, unaosimulia Wadachi walivyoutamalaki Mrima mwaka 1307 wa Hijria (1889/90), uliandikwa kwa hati za Kiarabu. Hati hizo kwa asili hazina p. Waandishi wengi wa kale wa mwambao walitumia be mahali pake, na mara nyingi hawakuandika nazali inayoitangulia. Hivyo umbo moja laweza kusomwa bata, pata au hata mbata, yaani nazi kavu, ambayo msomaji wa Tanga hawezi kuisahau. Muktadha ndio uamuao.

Kompyuta haijui muktadha, huhifadhi namba. ASCII ya mwaka 1963 ilikuwa na nafasi 128, na herufi zake ni za Kilatini tu. Kiwango cha Kiarabu cha ISO 8859-6 kiliingiza be, lakini kiliiacha pe ya Kiajemi ambayo baadhi ya waandishi wa Kiswahili waliiazima. Unicode, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1991, inazo zote: be ni U+0628, pe ni U+067E. Kinachosimbwa ni herufi. Maumbo yake ya mwanzo, kati na mwisho wa neno huchorwa na programu.

Wingi huo wa nafasi una hatari yake. Mhariri anayekuta be, akaisoma p, kisha akaingiza pe, ameweka usomaji wake mahali pa maandishi, na mtafiti wa tahajia atakayepekua matini kwa mashine hatagundua. Nukta tatu badala ya moja si jambo dogo. Yafaa be ibaki be, na usomaji wa Kilatini uwekwe katika mstari wa pili. Ndivyo ilivyo pia kwa irabu: kasra, U+0650, husomwa i au e.