Wanasayansi wahamia baa kuzungumza na wananchi

Kwa miaka mingi, mwananchi wa Uingereza aliyetaka kumsikia mtafiti wa chuo kikuu alilazimika kwenda kuketi kimya katika ukumbi wa mihadhara. Tangu mwaka 2013, baadhi ya watafiti wamegeuza utaratibu huo: wao ndio wanaomfuata mwananchi mahali anapopumzika jioni, yaani katika baa.

Tamasha hilo huitwa Pint of Science, jina linalotokana na kipimo cha mililita 568 ambacho Waingereza hukitumia kuuzia bia. Chanzo chake ni Praveen Paul na Michael Motskin, watafiti wa Imperial College London. Mwaka 2012 waliwaalika maabarani watu wenye maradhi ya ubongo na neva, kama vile Parkinson na Alzheimer, ili wajionee utafiti unaofanywa kuhusu maradhi yao. Mwitikio ulikuwa mkubwa, na swali likazuka: ikiwa watu wako tayari kuja maabarani, kwa nini wanasayansi nao wasiwaendee watu?

Mwezi Mei mwaka 2013 tamasha la kwanza lilifanyika kwa jioni tatu katika miji ya London, Oxford na Cambridge. Baadaye lilienea katika nchi zaidi ya 20, zikiwemo Ufaransa, Hispania, Brazil na Australia.

Mazungumzo badala ya mhadhara

Mtafiti hujitolea bila malipo, huzungumza kwa muda mfupi na kwa lugha nyepesi, kisha huulizwa maswali. Hapo ndipo penye uzito. Mtu anayeona haya kunyoosha mkono mbele ya maprofesa huuliza bila woga akiwa na glasi yake mezani.

Wazo lenyewe lilitangulia tamasha hilo. Mwaka 1992 mwanafalsafa Marc Sautet alianzisha mijadala ya falsafa katika mkahawa mmoja mjini Paris. Duncan Dallas, mtayarishaji wa vipindi vya televisheni, alivutiwa na mfano huo, na mwaka 1998 akaanzisha mikutano ya Café Scientifique mjini Leeds.

Imani iliyotikisika

Mikutano hiyo ilianza wakati Waingereza wengi wakiwa na mashaka. Serikali ilikuwa imewahakikishia kwa miaka kadhaa kwamba nyama ya ng'ombe ni salama, lakini mwezi Machi mwaka 1996 ilikiri kuwa huenda ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe ulikuwa umewaambukiza binadamu. Mwaka 1998 makala moja ya kitabibu ilizua hofu kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela inahusiana na usonji. Makala hiyo ilifutwa na jarida lililoichapisha mwaka 2010, lakini kabla ya hapo wazazi wengi walikuwa wameacha kuwachanja watoto wao.

Mwaka 2000 kamati ya Baraza la Malodi ilionya kuwa imani ya umma kwa sayansi imetikisika, na kuhimiza mazungumzo ya pande mbili badala ya wataalamu kuwahubiria wananchi.

Nani hayupo mezani?

Hata hivyo, baa si mahali pa kila mtu. Waislamu wengi hawaingii humo, na mzazi mwenye watoto wadogo si rahisi kutoka jioni. Aidha, wanaohudhuria mara nyingi ni watu ambao tayari wanaipenda sayansi, ilhali mwenye shaka hubaki nyumbani.

Kwa sababu hiyo, baadhi ya waandaaji hutumia mikahawa ya kahawa au maktaba. Jijini Nairobi nako, mikutano ya mtindo wa Café Scientifique imewakutanisha watafiti na wananchi kujadili masuala ya afya.

Popote inapofanyika, mikutano hii humfunza pia mtafiti. Akishindwa kumweleza fundi au muuza duka faida ya kazi yake, hutambua kuwa ana swali la kujibu kabla ya kurejea maabarani.