Umaskini Uliopo na Umaskini Unaonyemelea: Kaya za Fizi na Baraka na Hifadhi ya Jamii (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza namna umaskini unavyopimwa kwa kipato na kwa matumizi ya kila siku, na ikaonesha kwamba, kwa kipimo cha Benki ya Dunia cha dola 2.15 kwa mtu kwa siku, karibu Wakongomani watatu katika kila wanne walikadiriwa kuwa maskini mwaka 2024. Kipimo hicho kina faida yake, lakini kina upungufu mmoja mkubwa: kinaeleza hali ya kaya siku ile ilipohesabiwa, wala hakisemi lolote juu ya siku zinazofuata. Sehemu hii ya pili inahusu siku hizo zinazofuata, yaani uwezekano kwamba kaya inayojimudu leo itaangukia umaskini, au kwamba kaya ambayo tayari ni maskini itadidimia zaidi. Mfano unaochukuliwa ni teritwari ya Fizi na mji wa Baraka, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika katika jimbo la Kivu ya Kusini.

Hatari na kinga

Robert Chambers, mtaalamu Mwingereza wa maendeleo ya vijijini, aliandika mwaka 1989 kwamba udhaifu wa kaya una pande mbili. Upande wa nje ni mapigo na misukosuko inayoikabili kaya, kama vile ukame, maradhi, vita au kushuka kwa bei. Upande wa ndani ni upungufu wa kinga, yaani kukosa njia ya kulipokea pigo bila kupata hasara isiyorudishika. Kwa maelezo hayo, kaya mbili zenye kipato kilekile zinaweza kuwa na hali tofauti kabisa. Ile yenye shamba la mihogo, michikichi michache, mbuzi wawili na mtoto mkubwa anayefanya kazi mjini Uvira inaweza kupoteza mavuno ya msimu mmoja na ikaendelea kula. Ile inayotegemea mtumbwi wa kukodi peke yake, pigo dogo tu huiangusha.

Amartya Sen, mwanauchumi kutoka India, alikuwa ameonesha mwaka 1981 jambo linalofanana na hilo alipochunguza njaa kubwa za karne ya 20: watu wengi walikufa si kwa sababu chakula hakikuwepo nchini, bali kwa sababu walipoteza uwezo wa kukipata, ama kwa kukosa ujira, ama kwa bidhaa zao kushuka thamani mbele ya nafaka. Hoja hiyo inaeleweka kwa urahisi Fizi, kwa kuwa ardhi yake ina rutuba, mvua si haba, mawese yake yanajulikana hadi nje ya jimbo, na ziwa lililo mbele yake lina dagaa, ambao huku huitwa ndagala, pamoja na mikebuka. Umaskini wa mahali kama hapa haufafanuliwi kikamilifu kwa kusema kwamba hakuna kitu, kwa sababu kilichopo kinapatikana na kupotea tena na tena kabla hakijawa akiba.

Mapigo yanayorudiarudia

Pigo la kwanza ni vita na uhamaji unaotokana nayo. Vita vya mwaka 1996 viliwavusha maelfu ya watu wa Fizi, wengi wao Wabembe, hadi mkoa wa Kigoma nchini Tanzania, ambako kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huohuo kwa ajili ya Wakongomani; vita vya pili, vya 1998 hadi 2003, viliongeza idadi hiyo. Kuanzia mwaka 2005 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi liliwarejesha wengi kwa meli hadi Baraka, na familia zikaanza upya kufyeka mashamba yaliyogeuka msitu na kujenga nyumba juu ya misingi ya zamani. Tangu hapo mapigano hayajakoma kabisa, hasa katika milima ya Itombwe na Minembwe, ambako vijiji vya wakulima vimechomwa na mifugo ya wafugaji imeporwa, kila jamii ikipoteza kile ilichokitegemea. Baada ya Bukavu, mji mkuu wa jimbo, kutekwa Februari 2025, hofu na uhaba wa fedha vilienea jimbo zima, na safari za biashara kati ya kusini na mji huo zikawa za mashaka.

Pigo la pili hutoka ziwani kwenyewe. Kati ya mwaka 2020 na 2024 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda kiasi cha kuzamisha nyumba na miundombinu ya mwambao kuanzia Bujumbura na Uvira hadi Baraka na Kigoma, na kaya zilizokuwa karibu na maji zikapoteza makao bila kuhesabiwa kuwa wakimbizi wa vita. Samaki nao wanapungua, na kwa sababu hiyo nchi nne zinazolizunguka ziwa, yaani Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, zilikubaliana kupitia Mamlaka ya Ziwa Tanganyika kupumzisha uvuvi kwa miezi mitatu ya mwaka. Tanzania, kwa mfano, ilifunga uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Hatua hiyo ina hekima kwa uhai wa ziwa, lakini kwa kaya ya mvuvi, ambayo hata katika mwezi wa kawaida hupumzika siku za mbalamwezi kwa kuwa ndagala hawafuati taa, miezi mitatu bila mapato ni pigo kama mapigo mengine, tofauti yake ikiwa kwamba tarehe yake inajulikana mapema.

Pigo la tatu ni maradhi ya watu na ya mimea. Kipindupindu ni maradhi ya kudumu katika mwambao wa Uvira na Fizi, na mgonjwa mmoja huondoa nguvukazi ya watu wawili, yake na ya anayemuuguza. Ugonjwa wa batobato na wa michirizi ya kahawia hushambulia mihogo, chakula kikuu cha ugali na chimbuko la sombe. Mapigo haya husaidiana: vita humzuia mkulima kufika shamba la mbali, shamba la karibu linachoka, lishe inapungua, na mwili uliodhoofika hauhimili ugonjwa.

Kinachouzwa siku ya shida

Wataalamu hutofautisha mbinu za kuhimili zinazorekebishika na zile zisizorekebishika. Kupunguza mlo kwa wiki moja, kuahirisha harusi au kukopa kwa ndugu ni mbinu ambazo kaya hupona baada yake. Kuuza wavu, mashine ya mtumbwi au kipande cha shamba, kula mbegu iliyowekwa kwa ajili ya msimu ujao, kumwondoa mtoto shule ya sekondari kwa kukosa minervali, yaani ada ya shule, kumwoza binti mapema, au kukopa kwa Bank Lambert, jina ambalo Wakongomani huwaita wakopeshaji wa riba kubwa wa mitaani, ni mbinu ambazo huokoa wiki hii kwa kuiuza miaka inayofuata. Kijana anayeacha masomo na kwenda kuchimba dhahabu Misisi huleta fedha nyumbani mapema, lakini kaya imebadilisha mapato ya maisha yote ya kijana huyo kwa mapato ya miezi michache yasiyo na uhakika.

Hapa ndipo ulipo mzizi wa jambo lote. Kinachogeuza msukosuko wa muda kuwa umaskini wa kudumu si ukubwa wa pigo peke yake, bali ni zana ya kazi inayopotea katika kulihimili. Kwa hiyo wakati wa msaada una uzito sawa na kiasi chake: fedha kidogo zinazofika kabla ya wavu kuuzwa huhifadhi kazi ya mvuvi, ilhali fedha nyingi zinazofika miezi sita baadaye humlisha mtu ambaye tayari hana kazi.

Ushirika wa majirani na mpaka wake

Watu wa Fizi na Baraka hawakungoja serikali ili wajikinge. Katika likelemba, wanachama hutoa kiasi sawa kila juma au kila mwezi na kumkabidhi mmoja wao kwa zamu. Katika vyama vya kuweka na kukopa vinavyojulikana kwa kifupi kama AVEC, ambavyo mtindo wake ulianzia Niger mwaka 1991, wanachama hununua hisa, hukopeshana kwa riba waliyoipanga wenyewe, hugawana akiba mwisho wa mzunguko, na hutenga mfuko mdogo wa jamii kwa ajili ya ugonjwa, uzazi au kilio. Makanisa, misikiti na koo huchangia mazishi na matibabu, na familia zinazowapokea wakimbizi wa ndani hugawana nao nyumba na chungu bila mkataba wowote. Vyama hivi, ambavyo wanawake wafanyabiashara wa ndagala na mawese ni nguzo yake, ndivyo hifadhi ya jamii ya kweli ambayo kaya nyingi za huku zinaijua.

Nguvu ya vyama hivyo, hata hivyo, ina mpaka, na mpaka huo hautokani na uvivu wala ukosefu wa uaminifu. Bima yoyote hufanya kazi kwa sababu wakati mtu mmoja ameanguka, wengine wamesimama. Mtoto wa mwanachama mmoja akiugua, wanachama 24 wengine wanaweza kumbeba. Lakini mto ukivunja kingo, kijiji kikikimbia au uvuvi ukifungwa, wote 25 huhitaji fedha siku moja, na kasha la chama huwa tupu ndani ya wiki. Wataalamu huliita la kwanza pigo la mtu binafsi na la pili pigo la wote. Kwa kuwa mapigo makubwa ya Fizi ni ya aina ya pili, kinga yake haina budi kutoka kwenye mduara mpana kuliko majirani, yaani taifa au ushirikiano wa mataifa, ambao una watu waliosimama wakati mwambao mzima umeanguka.

Msaada wa dharura na sheria za nchi

Mduara mpana ulioonekana zaidi hadi sasa ni ule wa mashirika ya kibinadamu. Tangu mwaka 2015 Fizi imewapokea wakimbizi wa Burundi katika kambi ya Lusenda, na baadaye katika eneo la Mulongwe, na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liliwapa wakimbizi fedha taslimu ili wanunue chakula sokoni, jambo lililowanufaisha pia wakulima na wachuuzi wenyeji. Msaada huo umeokoa maisha, na ni haki kusema hivyo. Lakini hutolewa zaidi kwa kufuata hadhi ya mtu, kama ni mkimbizi kutoka nje, mkimbizi wa ndani au aliyerejea, ilhali kaya iliyowapokea wageni na kumaliza akiba yake kwa kuwalisha inaweza kukosa kabisa mahali katika orodha. Aidha, msaada huo hutegemea bajeti za nchi za mbali, kama ilivyodhihirika mwanzoni mwa mwaka 2025, Marekani, mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada ya kibinadamu nchini Kongo, iliposimamisha sehemu kubwa ya fedha zake.

Kwa upande wa taifa, sheria ya tarehe 15 Julai 2016 ilifanya upya mfumo wa hifadhi ya jamii unaosimamiwa na Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, CNSS, lakini mfumo huo umejengwa juu ya ajira yenye mishahara, ambayo mvuvi, mkulima na mchuuzi hawana. Sheria ya Februari 2017 iliweka kanuni za mutueli, yaani vyama vya ushirika vya bima ya afya. Elimu ya msingi bila malipo, iliyoahidiwa na Katiba ya 2006, ilianza kutekelezwa mwaka 2019. Na mpango wa afya kwa wote ulizinduliwa mwaka 2023, ukianza na huduma ya uzazi bila malipo jijini Kinshasa. Hatua hizi ni za maana, kwa kuwa kila gharama ya shule au hospitali inayoondolewa ni sababu moja ya kuuza shamba iliyoondolewa. Kinachokosekana ni malipo ya kuaminika kwa kaya zenyewe. Mfuko wa Jamii wa Jamhuri, ulioanzishwa mwaka 2002, umewalipa watu wa mashariki ujira kwa kazi za barabara na mifereji kupitia mradi wa STEP uliofadhiliwa na Benki ya Dunia tangu 2014, lakini mradi una tarehe ya kuisha, na haki haina.

Ng'ambo ya pili ya ziwa

Mfano ulio karibu zaidi uko Kigoma, ambako watu huvua ndagala walewale. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa Tanzania, TASAF, ulioanza mwaka 2000, uliingia mwaka 2012 katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ambao umefikia zaidi ya kaya milioni moja nchini kwa ruzuku ya mara kwa mara inayoambatana na mahudhurio ya watoto shuleni na kliniki, pamoja na ajira za muda katika miezi ya shida. Ruzuku hizo ni ndogo, na uteuzi wa kaya umelalamikiwa hapa na pale. Hata hivyo, kaya inayojua kwamba malipo yatakuja hukopesheka kwa jirani, na hailazimiki kuuza jembe.

Kaskazini mwa Kenya, mpango wa kukinga njaa ulioanza mwaka 2008 katika Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera umeongeza jambo lenye mafunzo kwa Fizi: vipimo vya setilaiti vinapoonesha kwamba malisho yamenyauka, idadi ya kaya zinazolipwa huongezwa kwa kanuni iliyopangwa kabla, bila kungoja mifugo ife. Ethiopia nayo, tangu mwaka 2005, hulipa mamilioni ya watu wake wa vijijini kila mwaka katika miezi ya njaa inayotabirika, ikiwa imekubali kwamba njaa inayorudi kila mwaka haiwezi kuitwa dharura.

Kwa Fizi na Baraka, kanuni kama hiyo inaweza kujengwa juu ya ishara ambazo tayari zinajulikana: kina cha maji ya ziwa, idadi ya wagonjwa wa kipindupindu inayoripotiwa na kanda za afya, na tarehe za kufungwa kwa uvuvi. Pigo la kufungwa kwa uvuvi ndilo jepesi kuanzia nalo, kwa kuwa ni serikali zenyewe zinazoliamua. Mamlaka inayomwambia mvuvi atundike wavu kwa miezi mitatu kwa faida ya wote ina wajibu wa kuhakikisha kwamba hatauuza wavu huo. Vyama vya AVEC, vyenye orodha, uaminifu na mikutano ya kila juma, vinaweza kuwa mkono wa kufikisha malipo na sikio la malalamiko, mradi visitwishwe mzigo wa kuwa mfuko wenyewe.

Pendekezo namba 202 la Shirika la Kazi Duniani, lililopitishwa mwaka 2012, linazitaka nchi zote, maskini na tajiri, ziwe na kiwango cha chini cha hifadhi ya jamii kinachojumuisha huduma za afya na kipato cha msingi kwa watoto, kwa wazee na kwa watu wazima wasioweza kujipatia riziki. Kiwango hicho hakiwezi kufikiwa Fizi kwa siku moja, hasa wakati amani haijarudi, lakini kungoja amani ikamilike kabla ya kuanza ni kuziacha kaya ziendelee kuuza kile ambacho amani itakapofika zitakihitaji. Sehemu ya tatu itachunguza gharama za mpango wa namna hiyo, vyanzo vya fedha zake, ikiwemo dhahabu inayotoka katika ardhi ya Fizi yenyewe, na namna ya kuziteua kaya bila kuamsha ugomvi kati ya jamii zinazoishi pamoja.