Mbegu za kulungu, pesa za mwindaji

Mkulima wa Kilosa au wa Kwale akiambiwa kuna mtu analima ekari mbili, anamwaga chokaa na mbolea, anapanda mbegu za bei mbaya, kisha anawaachia wanyama pori wale mpaka wamalize, atauliza kama mtu huyo ana akili timamu. Kwetu usiku wa msimu ni wa kulinda shamba: debe linapigwa, moto unakokwa, nguruwe na ngedere wanafukuzwa. Marekani, kuanzia Michigan hadi Texas, watu chungu nzima wanafanya kinyume chake. Wanamlimia kulungu.

Kulungu mwenyewe ni yule wa mkia mweupe, si huyu wa vichaka vyetu. Dume lake huangusha pembe wakati wa baridi na kuanza kuotesha nyingine majira ya kuchipua, na zikifika Agosti huwa karibu zimekomaa. Kufikia mwaka 1900 alikuwa amewindwa hadi wakabaki laki chache tu nchi nzima. Mwaka huohuo Sheria ya Lacey ikabana biashara ya nyama pori kati ya majimbo, na mwaka 1937 Sheria ya Pittman-Robertson ikaelekeza kodi ya bunduki na risasi kwenye uhifadhi. Leo wanakadiriwa kufika milioni 30. Wengi wao hawahitaji fadhila ya mtu ili washibe. Kwenye majimbo ya soya na mahindi wanakula kwa jirani bila kualikwa. Anayewalimia ana haja yake. Anataka wapite mbele ya kichanja chake cha kuwindia mwezi Novemba, na madume yawe na pembe za kupigia picha.

Basi si amwage gunia la mahindi, mambo yaishe? Sehemu nyingi hapo ndipo anapokutana na sheria. Kuna ugonjwa wa kukondesha unaoshambulia ubongo wa jamii ya kulungu, ulioonekana kwa mara ya kwanza huko Colorado mwaka 1967, na hauna tiba wala chanjo. Wanyama wakigombania lundo moja la chakula, mate yanachanganyika na maradhi yanapata njia. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 2019 ni marufuku kumwaga chambo cha kulungu kwenye rasi ya kusini ya Michigan, na majimbo mengine yana makatazo ya namna hiyo. Shamba lililopandwa kwa njia ya kawaida na mazao yakaachwa yamesimama halihesabiwi kuwa chambo. Mwindaji akageuka mkulima.

Wafanyabiashara hawakulala. Ray Scott, mtu wa Alabama aliyekwisha kujipatia jina kwa mashindano ya uvuvi, alianzisha mwaka 1988 kampuni iitwayo Whitetail Institute. Akauza klova iliyoteuliwa na mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Auburn, Wiley Johnson, mahsusi kwa ajili ya kulungu. Kabla ya hapo klova ilikuwa chakula cha ng'ombe na kondoo. Siku hizi duka lolote la vifaa vya uwindaji lina ukuta mzima wa mifuko, na kila mfuko una dume lenye pembe kama matawi ya mwembe.

Geuza mfuko. Kwenye mshono wa chini, au nyuma kwa maandishi ya kukodolea macho, kuna lebo. Sheria ya Mbegu ya mwaka 1939 na sheria za majimbo zinamlazimisha muuzaji aandike mambo ambayo picha haisemi: ni mbegu za mimea gani, kila mmoja asilimia ngapi kwa uzito, uotaji wake ni asilimia ngapi na ulipimwa lini, mbegu za magugu kiasi gani, na uzito wa vitu visivyo mbegu kabisa. Hapo ndipo mnunuzi anapogundua kwamba mchanganyiko wenye jina la kutisha ni, kwa sehemu kubwa, nyasi ya ryegrass. Nyasi hiyo ni rahisi, inaota hata juu ya zege kama kuna vumbi kidogo, na siku kumi baada ya mvua shamba linakuwa kijani kibichi. Mwenye shamba anafurahi. Kulungu anaila kama hana budi, na mwaka unaofuata nyasi hiyohiyo imegeuka gugu lililoivamia klova. Mimi nauita huo ujanja, ingawa lebo imesema kweli tupu.

Kuna mfano mwingine unaohitaji hesabu kidogo. Mbegu nyingi za klova huuzwa zikiwa zimepakwa gamba la chokaa na bakteria wa kuwezesha mizizi ikusanye naitrojeni. Gamba hilo lina kazi yake, kwa sababu klova isiyopata bakteria wake hudumaa na kuwa njano. Lakini gamba lina uzito, na huweza kuwa theluthi nzima ya mfuko. Tuseme mfuko wa kilo 10 unauzwa dola 60, usafi wa mbegu ni asilimia 65, uotaji asilimia 90. Zidisha: unapata kilo 5.85 za mbegu hai, kila kilo kwa dola 10 na ushee. Mfuko wa pili wa uzito uleule haujapakwa kitu, unauzwa dola 75, usafi asilimia 99, uotaji uleule. Huo una kilo 8.91 za mbegu hai, kilo moja dola 8.42. Ulioonekana ghali ndio rahisi, hata ukiongeza gharama ya pakiti ya bakteria ya kuchanganya mwenyewe kwenye ndoo.

Tena klova si kitu cha kumwaga kwa pauni na pauni. Kilo moja ya klova nyeupe ina mbegu zipatazo milioni 1.7, na kilo tatu hadi nne zinatosha ekari nzima. Ikifukiwa zaidi ya milimita sita hivi haitoki. Kaskazini wapo wanaoirusha juu ya ardhi tupu mwezi Februari au Machi, wakati udongo unaganda usiku na kuyeyuka mchana. Ufa ukifunguka, mbegu inaingia, ukifumba, imefukiwa. Hakuna trekta, hakuna jembe. Mtu anatembea na mashine ya kuzungusha kwa mkono, basi.

Lakini kabla ya mbegu kuna udongo, na hapa ndipo wawindaji wengi wanapokosa subira. Kipande anachopewa kulungu ni kile kisichofaa kitu kingine: kona ya msitu, njia ya zamani ya magogo, udongo wenye tindikali. Klova inataka pH kuanzia 6 kwenda juu. Kwenye udongo wa pH 5 unaweza kununua mbegu bora kuliko zote Marekani na ukavuna majuto. Maabara za vyuo vikuu vya majimbo hupima udongo kwa bei ndogo kuliko ya mfuko mmoja wa mbegu, na jibu mara nyingi ni tani moja au mbili za chokaa kwa ekari. Chokaa haina picha ya dume, haina mvuto, nayo huchukua miezi kufanya kazi.

Baada ya udongo, swali ni lini unataka kulungu aje. Klova inamshika kuanzia majira ya kuchipua hadi vuli, na inadumu miaka mitatu au zaidi ikitunzwa. Oti ni tamu zikiwa changa, ila baridi kali ikipiga zinakufa. Rai ile ya nafaka ndiyo punda wa kazi hii: huota hata joto likiwa nyuzi chache tu juu ya sifuri, hustahimili udongo mbaya, na theluji ikiyeyuka iko palepale. Kuna wanaoomba rai wakatoka dukani na ryegrass, kwa vile majina yanakaribiana. Ni mimea miwili tofauti kabisa. Halafu kuna jamii ya kabichi na sukuma wiki: tanipu, figili kubwa na majani ya kulishia mifugo. Hizi hupandwa mwishoni mwa Julai au Agosti huko kaskazini. Kulungu huweza kuzipita kwa wiki kadhaa kama hazioni, mpaka baridi ya kwanza igeuze wanga wa majani kuwa sukari. Wengi hukata tamaa Septemba na kudai wameuziwa mbegu mbovu. Tena mimea hii isipandwe mahali pamoja mwaka baada ya mwaka, maana magonjwa ya mizizi yatajaa.

Kusini habari ni nyingine, na hapa sisi tuna hisa. Kiangazi cha Texas kinakausha klova, hivyo wanapanda kunde. Aina ya zamani iitwayo Iron and Clay hutambaa, hukawia kuzaa, na huendelea kutoa majani kulungu akiyakata. Kunde zilifika Marekani kutoka Afrika enzi za biashara ya utumwa, zikawa chakula cha watu na mifugo kabla ya kuwa mtego wa kumvuta kulungu. Pembeni yake utakuta fiwi, ambazo Wakenya wengi wanaziita njahi. Mwaka 1962 Australia ilitoa kwa wafugaji wake aina ya fiwi kutokana na mbegu zilizokusanywa Rongai, Kenya, na ikaipa jina hilohilo, Rongai. Kutoka huko mbegu zikasafirishwa hadi Texas, zikapendwa na wenye ranchi kwa majani mapana yenye protini nyingi na kwa uwezo wa kuvumilia ukame.

Tatizo la Rongai lilikuwa kuchelewa kutoa maua. Texas ya kaskazini na mashariki baridi huwahi kufika kabla maganda hayajakauka, kwa hiyo mbegu zikabaki za kuagizwa ng'ambo kila mwaka. Watafiti wa Texas A&M katika kituo cha Overton wakateua aina inayowahi kuchanua, wakaiita Rio Verde, na ikatolewa mwaka 2006. Njahi anazotafuna mtoto wa Murang'a leo zina binamu anayekua nyuma ya uzio wa umeme ili kulungu wasimmalize akiwa na majani mawili. Uzio huo si anasa. Kunde, soya na fiwi zikiliwa chini ya jicho la kwanza hazichipui tena, na eneo la robo ekari huweza kusafishwa kabla mwenyewe hajarudi wikendi.

Nani amuuzie mwindaji mbegu? Kwa maoni yangu, duka la ushirika wa wakulima linalishinda duka la uwindaji karibu kila mara. Rai, oti na ngano zipo kwa gunia, muuzaji anajua kilichoota vizuri wilayani humo, na hakuna anayekutoza picha. Mbegu zenye lebo ya buluu zimethibitishwa ubora, maana yake jina la aina ndilo lililomo ndani. Zile zisizotajwa aina huwa rahisi, na kwa rai ya kufunika udongo hazina neno. Kwa klova ya kudumu miaka mitatu, lipia jina. Mbegu nyingi za klova na ryegrass hutoka bonde la Willamette, Oregon, hata zikiwa zimefungwa kwenye mfuko wa kampuni ya kusini; asili yake huandikwa kwenye lebo. Shirika la National Wild Turkey Federation nalo hugawa kwa wanachama, kwa ada ndogo, mahindi na soya za msimu uliopita ambazo kampuni za mbegu hazikuziuza.

Njia ya mkato inayovutia zaidi ni ghala la nafaka: soya ya kulisha mifugo, bei chee. Vernon Bowman, mkulima wa Indiana, alinunua soya ya ghalani akaipanda, akaipulizia dawa ya magugu, akahifadhi mbegu za zilizosalimika na kuzipanda tena. Soya hiyo ilikuwa na vinasaba vya Monsanto vyenye hataza. Mwaka 2013 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani walimwona ana makosa, na fidia iliyoamriwa ilizidi dola 84,000. Mwenye ekari moja ya kulungu huenda asifuatwe na mtu, lakini sheria ni hiyohiyo.

Hatari nyingine haiendi mahakamani. Mwaka 2016 Iowa na Minnesota waligundua gugu liitwalo Palmer katika mashamba yaliyopandwa maua na nyasi za uhifadhi, likiwa limeingia pamoja na mbegu zilizonunuliwa. Ni ndugu wa mchicha wetu, tena ndugu mkorofi: mmea mmoja wa kike hutoa mbegu laki kadhaa, na mingi imezoea dawa. Likiingia kwenye soya ya jirani, ujirani umekwisha. Kwa hiyo mstari wa magugu kwenye lebo usomwe kwanza, kabla hata ya bei, na mbegu za kupewa na rafiki kwenye mfuko usio na maandishi zikataliwe kwa adabu.

Mbegu za mwaka jana zilizobaki kwenye banda hazina haja ya kutupwa. Hesabu mbegu 100, zitandaze kwenye karatasi ya jikoni iliyolowa, ikunje, tia kwenye mfuko wa plastiki na uache mahali penye joto wiki moja. Zikiota 80, panda kama kawaida. Zikiota 50, ongeza kipimo mara moja na nusu au zaidi. Zikiota 10, nafaka wape kuku, ila kama zina rangi ya waridi au kijani cha dukani usithubutu: hiyo ni dawa ya wadudu na ukungu, na kuku hatakuambia.