Viumbe Wasioonekana kwa Macho: Vinundu vya Majani ya Mepo

Wiki iliyopita tuliwatazama utitiri wanaofyonza majani hadi yakakauka. Leo zamu ni ya jamaa zao, ambao huliacha jani likiwa hai lakini wakaligeuza umbo.

Mashariki mwa Amerika Kaskazini kuna aina ya mti wa mepo ambao majani yake hung'aa kama fedha upande wa chini. Majira ya kuchipua yakifika, majani hayo huota vinundu upande wa juu, vidogo kama shanga: huanza vya kijani, vikawa vyekundu, mwishowe vyeusi. Mwenye mti huingiwa na hofu, akakimbilia bomba la dawa.

Anayesababisha hayo ni utitiri aitwaye kitaalamu Vasates quadripedes, aliyeelezwa na Henry Shimer mwaka 1869. Urefu wake ni kama milimita 0.2 tu. Utitiri wengi wakikomaa huwa na miguu minane. Huyu na ukoo wake wana minne.

Majike hupitisha baridi kwenye nyufa za magome, kisha huhamia machipukizi yanapofunguka. Jike hutoboa seli za jani changa kwa chini, na mate yake huvuruga ukuaji wa pale alipo. Hapo ndipo penye ajabu, maana kinundu hakijengwi na utitiri. Mti wenyewe ndio unaokijenga, kwa seli zake na kwa chakula chake. Jani hutuna kwenda juu, likamzingira jike na kumwachia tundu dogo chini. Humo hutaga, na watoto hula kuta za nyumba yao mpaka wakomae, watoke kutafuta majani machanga. Jani lililokwisha komaa halioti kinundu tena.

Basi dawa ya nini? Vinundu vikishaonekana, utitiri wamo ndani ambamo dawa haiwafikii. Watakaokufa ni wale wema wanaowinda wenzao. Mepo yenye afya haidhuriki. Nawasihi wenye miti waiache.

Ukoo huu, hata hivyo, una mwanachama asiyestahili kuachwa. Pwani ya Tanzania yupo Aceria guerreronis, utitiri wa minazi, aliyeelezwa na Keifer mwaka 1965 kutoka Mexico. Yeye hajengewi kinundu. Hujificha chini ya magamba yanayoshika kidaka. Nazi hutoka na makovu ya kahawia, hudumaa, na vidaka vingine hupukutika. Huyo tutamchambua wiki ijayo.