Buibui 111,000 katika pango la mpakani

Askari aliyepata kulinda mpaka anajua kuwa alama zake huwekwa juu ya ardhi: nguzo, mto, au mstari katika ramani. Yaliyo chini ya ardhi hayana habari nazo. Katika korongo la Vromoner, ambako Ugiriki imepakana na Albania, kuna pango ambalo mlango wake umo Ugiriki na vyumba vyake vya ndani kabisa vimo Albania. Kisheria, Ugiriki ilihesabu kuwa katika hali ya vita na jirani yake huyo tangu mwaka 1940 hadi 1987, ingawa bunduki zilikuwa zimenyamaza zamani. Muda huo wote maji ya chini yaliendelea kuula mwamba bila kumwomba mtu kibali.

Mwaka 2022 wachunguzi wa mapango kutoka Jamhuri ya Cheki waliingia humo, wakakuta ukuta uliofunikwa kwa utando mzito. Wataalamu wakiongozwa na István Urák wa Romania walifuata kuhesabu, na Oktoba 2025 matokeo yao yalichapishwa. Utando huo, ulio mita kama 50 kutoka mlangoni, umeenea mita za mraba 106, nao umefanyika kwa maelfu ya tando ndogo zenye umbo la faneli, zilizoshikana. Buibui waliomo wanakadiriwa kufikia 111,000. Yako mataifa mengi ambayo majeshi yao hayafiki idadi hiyo.

Buibui hao ni wa aina mbili. Kiasi cha 69,000 ni Tegenaria domestica, buibui wa kawaida wa majumbani na maghalani huko Ulaya. 42,000 hivi ni Prinerigone vagans, walio wadogo zaidi. Hakuna aina kati ya hizo mbili iliyokuwa imejulikana kuishi kwa ujima. Zaidi ya hayo, ilitazamiwa mkubwa amle mdogo. Wataalamu wanadhani giza la pangoni limempunguzia mkubwa uwezo wa kuona. Mimi naongeza sababu ya chakula. Wahenga walisema adui yako mwombee njaa; lakini buibui mdogo wa pango hili, kama angejua kuomba, angemwombea adui yake shibe.

Na shibe imo. Jua haliingii wala jani halioti. Chanzo cha chakula ni salfa. Maji ya pango yana gesi yenye harufu ya mayai viza. Gesi hiyo ikikutana na hewa hugeuka asidi, na asidi ndiyo iliyochimba pango lenyewe. Bakteria hupata nguvu kutokana na salfa hiyo na kufanya utando wa utelezi. Viluwiluwi vya visubi hula utelezi huo. Visubi wakiruka hunaswa na buibui. Visubi hao hawaumi, na ni wa jamii moja na baadhi ya wale wanaopanda kama moshi juu ya Ziwa Victoria. Joto ndani ni nyuzi 26 hivi, kwa hiyo karamu haina majira.

Gesi hiyo si ya kuchezewa. Ikizidi, huizima pua isinuse tena. Basi mtu adhaniaye kuwa harufu imekwisha huenda ndiyo kwanza ameingia hatarini.

Uchunguzi wa chembe za urithi umeonyesha kuwa buibui wa ndani wamekwisha kutofautiana na ndugu zao wa nje. Kwa maneno mengine, hawa si wageni waliojificha mvua, ni wenyeji. Wakiharibiwa, wale wa vichakani hawataziba pengo lao upesi. Shida iliyopo ni ya ulinzi: utando uliofumwa kwa vizazi vingi waweza kuchanwa na mkono wa mtalii mmoja kwa dakika moja, nayo sheria ya Ugiriki hukoma mpakani, kama ile ya Albania. Pango zima haliwezi kupata mlinzi mpaka serikali zote mbili zikubaliane.