Kumsaidia Mtoto Kutafuta Sehemu Iliyokosekana



Katika ukame wa 2020 hadi 2023, mvua zilipokosa kunyesha misimu mitano mfululizo, familia nyingi zilitegemea maji ya lori. Siku moja hapa Garissa, mtoto wa darasa la tatu aliulizwa mbele ya akina mama: "Nyumba yenu ipate mitungi 12. Mmeshapewa 7. Imebaki mingapi?" Akajibu mbio: "19!" Watu wakacheka, naye akainamisha kichwa. Mama yake hakusoma, na mtoto huyo ndiye karani wake. Angesema 3, nyumba ingepunjwa mitungi miwili na mama asingejua.

Kosa hilo ni la kawaida. Mtoto akisikia namba mbili anazijumlisha tu. Hajajiuliza ipi ni jumla na ipi ni sehemu. Jumla ni vyote pamoja. Sehemu ni kipande chake, na kipande hakiwezi kuzidi jumla. Akishika hilo, 19 itamkataa mwenyewe.

Mzazi anaweza kumfundisha nyumbani, hata kama hakusoma:

1. Tumieni mawe na kikombe. Hesabuni pamoja mawe 5. Afumbe macho, ufunike machache kwa kikombe, halafu umuulize yaliyofichwa ni mangapi. Akizoea, tumieni 12. Yakionekana 7, aendelee kuhesabu kwa vidole: 8, 9, 10, 11, 12. Ni vidole 5. Afunue ajionee.

2. Choreni mchangani. Mstari mrefu ni 12. Chini yake vipande viwili: kimoja 7, kingine kitupu. Kitupu ndicho tunachotafuta.

3. Sasa andikeni namba: 7 + __ = 12. Aone kwamba 12 − 7 = 5 ni jambo lilelile. Kisha ahakikishe: 7 + 5 = 12.

Tahadhari! Msimfundishe kufuata neno moja tu, ati "kubaki" maana yake ni kutoa. Mpeni hesabu hii: "Tuliuza mbuzi 4, wamebaki 9. Walikuwa wangapi?" Wengi watasema 5. Kumbe hapa kilichokosekana ni jumla, na jibu ni 13. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu, ajibu maswali matatu: Jumla tunaijua? Sehemu gani tunaijua? Tunatafuta nini?

Muulizeni kwa lugha anayofikiria. Kama ni Kisomali, iwe Kisomali. Akielewa, ataweza kuisema kwa lugha ya shule pia.

Na msidhani jambo hili ni geni. Mtoto anayechunga huona jioni kwamba yule mweusi mwenye doa hayupo, hata kabla ya kuhesabu. Tayari anajua kutafuta kilichokosekana. Mwonyesheni tu kwamba walitoka 20, wamerudi 17, basi watatu wako porini.

Yule mtoto wa mitungi tulikaa naye na mawe jioni kadhaa. Mwanzoni aliogopa kujibu, kwa sababu ya kile kicheko. Basi kwenye mkutano wenu ujao chukueni dakika kumi, kila mzazi na mtoto wake na kikombe. Na akikosea, asichekwe. Mpeni mawe ahesabu tena.