Kilatini Darasani na Kwenye Bahasha ya Dawa

Kijana wa Kayanga au wa Nkwenda anayejiunga na chuo cha uuguzi au cha udaktari hukutana, katika majuma yake ya kwanza, na lugha ambayo hakuna kijiji hata kimoja duniani kinachoizungumza. Anaambiwa kwamba mfupa wa paja ni femur, kwamba mgonjwa asiyeruhusiwa kula ni nil per os, kwamba kidonge hiki ni b.d. na kile ni t.d.s. Hukariri, hufaulu mtihani, kisha hurudi nyumbani na kuziandika alama zile zile kwenye bahasha ya dawa ya bibi kizee aliyetembea tangu alfajiri kuja kutibiwa. Makala haya yanaeleza anachojifunza hasa mtu anayesoma Kilatini na fasihi yake chuo kikuu, na ni sehemu gani ya elimu hiyo inayomfaa mhudumu wa afya na mgonjwa wake katika wilaya za Karagwe na Kyerwa.

Mkoani Kagera lugha hii si ngeni kabisa. Kwa miongo mingi ilisomwa na vijana wa seminari ya Rubya, na waliovuka mpaka kwenda seminari kuu ya Katigondo nchini Uganda. Laurean Rugambwa, mzaliwa wa mkoa huu, alipita njia hiyo. Alipewa upadre mwaka 1943, akasomea sheria za Kanisa huko Roma, na mwaka 1960 akafanywa kardinali. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika kati ya 1962 na 1965, ibada ziligeukia lugha za watu, na Kilatini kikabaki darasani.

Darasani humo, mwanafunzi wa chuo kikuu huanza na sarufi, kisha huwasoma akina Caesar, Cicero, Vergil na Ovid. Mtihani anaouogopa kuliko yote ni kupewa ukurasa ambao hajapata kuuona na kutakiwa autafsiri. Hapo kukariri hakumsaidii. Hana budi kupima mwisho wa kila neno, kwa kuwa katika Kilatini mwisho wa neno ndio unaoeleza nani ametenda na nani ametendewa.

Msemaji wa Kinyambo au Kiswahili huingia katika somo hili akiwa na akiba yake. Sisi husema msuli mrefu, misuli mirefu, na hatuoni ajabu sifa kubadilika pamoja na jina. Mlatini husema musculus longus, musculi longi. Upatanisho ni ule ule. Tofauti ni kwamba sisi tunaupachika mwanzoni mwa neno, naye anaupachika mwishoni. Irabu zenyewe ni tano, na hutamkwa karibu sawa na zetu. Nimeona wanafunzi wakihangaika kukariri vertebra na vertebrae, nucleus na nuclei, kama maneno manne yasiyohusiana, ilhali ni umoja na wingi tu, kama mtu na watu.

Faida kubwa zaidi imo katika majina ya magonjwa. Mycobacterium leprae lina mwisho wa umilikaji: leprae maana yake ni “ya ukoma”, kama kiunganifu chetu cha -a. Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria kali, limeundwa kwa neno falx, yaani mundu, na kitenzi cha kuzaa: “chenye kuzaa mundu”. Mtaalamu wa maabara anayetazama damu kwa hadubini na kukuta vimelea vya kijinsia vilivyopinda kama mundu anakuwa ameliona jina lenyewe.

Jina la tatu linagusa historia ya Karagwe. Mnamo Novemba 1861 wapelelezi wa Kiingereza, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika kwa Mukama Rumanika. Speke aliendelea na safari kuelekea Buganda Januari 1862, lakini Grant hakuweza kutembea. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevimba na kukaza, ukatoa majimaji mengi, naye akabaki Karagwe hadi Aprili, alipoondoka akiwa amebebwa. Waandishi wengi wa tiba wanaamini kwamba maelezo yake ni ya kidonda cha Buruli. Bakteria wake walitambuliwa na watafiti wa Australia mwaka 1948, na baadaye wakaitwa Mycobacterium ulcerans. Aliyesoma sarufi hutambua kwamba ulcerans ni umbo la kitenzi linaloonyesha tendo linaloendelea: “wenye kutia vidonda”. Mara nyingi ugonjwa huu huanza kwa uvimbe mdogo usiouma, na kwa sababu hauumi, mtu hukaa nyumbani. Anayewahi hutibiwa kwa viuavijasumu kwa majuma 8. Anayechelewa huenda akahitaji upasuaji au akabaki na ulemavu.

Fasihi ya Kilatini nayo ina matabibu wake. Celsus, wa karne ya kwanza, ndiye anayetajwa kila mara inapofundishwa kwamba dalili za uvimbe ni wekundu, kuvimba, joto na maumivu. Binafsi ningependa wanafunzi wetu wamjue pia Caelius Aurelianus, tabibu Mwafrika wa Sicca, katika Tunisia ya leo, aliyeandika kwa Kilatini, yapata karne ya 5, juu ya magonjwa ya ghafla na ya kudumu, akitegemea kazi ya Mgiriki Soranus. Miongoni mwa magonjwa aliyoyajadili ni ule wa kuogopa maji unaompata aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa.

Turudi kwenye bahasha ya dawa, maana huko ndiko kosa la lugha linakoweza kuwa kosa la tiba. B.d. ni bis die, mara mbili kwa siku. T.d.s. ni ter die sumendum, na hapo sumendum ni “ya kutumiwa”, kama tusemavyo dawa ya kumeza. P.r.n., pro re nata, ni “hali ikihitaji”. Lakini o.d. ina sura mbili: kwa wengi ni omni die, kila siku, kwa daktari wa macho ni oculus dexter, jicho la kulia. Kwenye chupa ya dawa ya matone, herufi hizo mbili hazitoshi.

Kuzitafsiri nako kuna mitego. Die latokana na dies, neno ambalo kwa Mlatini lilikuwa na maana ya mchana na pia ya siku nzima pamoja na usiku wake. Sisi huandika “kutwa mara 3”, na kutwa kwa Kiswahili ni tangu asubuhi hadi jua kuchwa. Mgonjwa anayekijua vizuri Kiswahili chake anaweza kumeza dozi tatu kabla ya giza, kisha akapitisha usiku mzima bila dawa, naye atakuwa ametii kilichoandikwa. Kama dawa ni ya kila baada ya saa 8, iandikwe: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Dawa mseto ya malaria nayo, ingawa ni ya mara mbili kwa siku, dozi yake ya pili humezwa saa 8 baada ya ya kwanza, na zilizobaki humezwa asubuhi na jioni siku ya pili na ya tatu hadi zitimie 6, b.d. peke yake haisemi hayo.

Kuna pia stat, yaani statim. Wengi huifasiri “mara moja”. Daktari amekusudia dawa itolewe bila kukawia, ilhali mgonjwa anaweza kuelewa kwamba dawa hiyo ni ya kumeza mara moja tu, basi. Mhudumu akisema “meza sasa hivi, mbele yangu”, kisha akaeleza kama kuna dozi nyingine na ni ya saa ngapi, ameitafsiri stat barabara.